Boksi la sabufa la faiba kwenye ubavu wa buti

Ukifungua buti la gari la saluni kama Premio au Allion, kando ya gurudumu kuna shimo linalofunikwa na kapeti, ambalo kazi yake kubwa ni kuhifadhi matambara na chupa tupu. Shimo hilo linaweza kubeba sabufa ya inchi 10 na mabegi yako bado yakaingia. Boksi la mbao la pembe nne halikai humo kwa kuwa bodi imepinda kila upande, kwa hiyo tunatumia faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini. Ila mafundi wengi wanaanza kuwaza rangi na taa za ndani kabla ya kuwaza unene, na boksi jembamba likipigwa besi linatikisika lenyewe na kula sauti uliyoinunua kwa bei.

Chagua upande kwanza. Epuka ule unaopita bomba la kujazia mafuta. Hakikisha mkono utaendelea kufika kwenye balbu za taa ya nyuma, maana zitaungua tu siku moja. Chungulia pia chini, karibu na bampa: kuna vitundu vyenye vifuniko vya mpira vinavyotoa hewa milango inapofungwa. Usivizibe.

Kwa boksi la lita 25 hivi, lenye ngozi ya mita 0.8 za mraba na tabaka tano, nunua mita 5 za mraba za mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, resini ya poliesta kilo 6, na hadna (dawa ya kuigandisha resini) mililita 100. Ongeza asetoni ya kusafishia lita moja, brashi za bei rahisi za inchi 2 (zitakufa zote), glavu za naitrili, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii harufu ya resini hata kidogo. Miwani ya kuzibia macho si ya hiari: tone la hadna likiingia jichoni linaweza kupofusha.

Kuna maduka yanakupa chupa mbili ndogo badala ya moja. Moja ni hadna, nyingine ni kobalti, dawa ya zambarau inayoharakisha kuganda. Kobalti inakorogwa ndani ya resini kwanza mpaka ipotee, ndipo hadna inafuata. Zikikutana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kulipuka, kwa hiyo usizipime kwa bomba la sindano moja na usiziweke rafu moja.

Sasa gari. Toa kapeti, safisha chuma, halafu tandaza nailoni kila mahali pengine, hadi kwenye viti. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi juu ya shimo lote, tabaka mbili zinazokatana, kisha karatasi ya foili, kisha nta ya magari mara mbili. Resini hupenya tundu dogo kuliko unavyodhani, na ikishika rangi ya gari inatoka nayo. Kabla hujapaka chochote, jiulize ganda la faiba utakalolijenga ndani ya shimo hilo litatokaje. Mahali shimo linapopanuka kwa ndani kuliko mdomoni, faiba itaingia laini na kukauka imejifungia humo. Jaza kona hizo kwa kadibodi na tepu mpaka mdomo uwe ndiyo sehemu pana kuliko zote. Usijaze kwa styrofoam iliyo wazi. Resini ya poliesta inaiyeyusha kama sukari kwenye chai.

Mkeka uchane kwa mikono, vipande vya sentimita 15 hadi 20. Ukikata kwa mkasi, kingo zinabaki kama ngazi. Ukichana, nyuzi zinafungamana na kipande cha jirani. Changanya gramu 400 za resini kwa wakati mmoja, zinazotosha tabaka moja la upande wa nyuma, si zaidi. Kwenye joto la Dar au Mombasa, nyuzi 30 na kuendelea, weka hadna asilimia 1, yaani gramu 4. Asubuhi ya baridi Nairobi unaweza kupanda hadi asilimia 2. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni na bomba la sindano, usimimine kwa jicho. Hadna ikizidi, resini inachemka, inapinda na kupasuka. Ikipungua sana, utakaa na boksi la gundi wiki nzima. Una dakika 10 hadi 20. Resini ikianza kuwa kama jeli, iache, hata kama nusu imebaki, na kopo lipeleke nje juu ya mchanga kwa sababu litapata moto na kutoa moshi.

Paka resini kwanza, laza kipande, kisha gonga-gonga kwa ncha ya brashi. Usipake kama ukuta. Ukivuta brashi unaburuta nyuzi. Mkeka ulioshiba unageuka kuwa wa kuonekana kama kioo. Alama nyeupe ni hewa au ukavu, na hapo ndipo patapasuka. Weka tabaka mbili tu ndani ya gari, acha zikauke, ndipo ulitoe ganda kwa kulitikisa pole pole. Tatu zilizobaki ziweke nje, mbili kwa siku. Zikiwekwa tano kwa mkupuo, joto linakunja ganda na halitarudi mahali pake. Uso ukibaki unanata kidogo usiogope: resini isiyo na nta ndivyo ilivyo, na mnato huo unashika tabaka linalofuata.

Pete ya kufungia sabufa inakatwa kwenye MDF (mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, mbili zikabandikwa pamoja, kwa kipenyo kilichoandikwa kwenye karatasi ya sabufa yako. Gonga nati za meno kwa nyuma sasa hivi, kwani skrubu za mbao zinalegea kwenye MDF. Isimamishe pete mbele ya ganda kwa vijiti na gundi ya moto, ukiacha angalau sentimita 4 nyuma ya sumaku.

Uso wa mbele unavutwa kwa flisi, na hakuna sababu ya kununua mpya. Blanketi la flisi la mtumba linanyumbuka pande zote na linakunywa resini vizuri. Livute kutoka kwenye pete hadi ukingo wa ganda, ulipige stepla kwenye pete na kulibandika ukingoni, bila mkunjo hata mmoja. Kila mkunjo utaukuta tena kwenye msasa. Lishibishe resini mpaka ipenye upande wa pili.

Likikauka, pima ujazo. Mimina mahindi makavu kupitia tundu la sabufa kwa kopo la lita moja, ukihesabu. Toa lita 2 hivi zitakazoliwa na mwili wa sabufa. Sabufa nyingi za inchi 10 kwenye boksi lililozibwa zinataka kati ya lita 18 na 28, lakini fuata karatasi ya yako. Kosea upande wa ukubwa: kubwa unalipunguza kwa vipande vya mbao ndani, dogo utaishia kulijaza pamba ya mito kulidanganya kidogo tu.

Flisi peke yake si ukuta. Ingiza mkono kwenye tundu uweke mkeka kwa ndani, tabaka tatu au nne, hasa kwenye maungio. Halafu tengeneza uji: nusu resini, nusu puti ya magari, kila kimoja na hadna yake, umimine ndani na kulizungusha boksi mpaka uji upite kila mshono. Gonga kwa kifundo cha kidole. Likisema "ngo" ongeza tabaka; unatafuta "pu" fupi, kama kugonga jiwe. Funga sabufa na utepe wa sponji, sukuma koni taratibu kwa viganja viwili: ikirudi polepole, boksi limeziba.

Kwa nje, puti nyembamba, msasa wa 80, 180, 320, basi. Ukilivika kapeti, unaishia kwenye 80.

Umeme usifanye ubahili. Amplifaya ya wati 500 halisi inavuta kama ampea 45 hadi 50, kwa hiyo tumia waya wa shaba wa geji 4 na fyuzi ya ampea 60 isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kwangua uzi mmoja wa waya kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Athi iwe fupi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya za mawimbi, zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, zipitishe upande wa pili wa gari, la sivyo utasikia injini ikilia kwenye spika. Kwa wati 500 kwenye omu 2, chomoa sabufa, zima besi busti, piga toni ya hezi 50 huku redio ikiwa robo tatu ya sauti, na panda na geini (kitufe cha kiwango cha sauti kwenye amplifaya) mpaka multimita, ikiwa kwenye matundu ya spika ya amplifaya, isome volti 31.6 za AC. Kichujio cha besi kiweke hezi 80.

Lianike boksi juani siku kadhaa kabla ya kulifunga, maana harufu ya resini mbichi kwenye gari lililofungwa vioo inaumiza kichwa. Baada ya wiki mbili za muziki rudi na spana uzikaze tena bolti za sabufa. Zitakuwa zimelegea.