Jina Chini ya Kitako

Jumapili, saa tano usiku. Nimemaliza kumpaka rangi askari wangu wa kumi wa plastiki. Nimemsimamisha dirishani akauke, nami vidole vinaninukia rangi.

Amenichukua jioni tatu. Kitako anachosimamia kina upana wa milimita 25, kichwa chake sawa na punje ya choroko. Joho nimelipaka kijani mara mbili, rangi nyepesi nyepesi, kisha nikamwagia Agrax Earthshade, ile rangi ya majimaji iliyo kama chai ya rangi. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote: unaitazama ikitambaa yenyewe na kutulia kwenye mikunjo ya nguo, na kile kilichokuwa plastiki dakika moja iliyopita kinapata uzito. Mwezi uliopita niliharibu watano kwa kupuliza rangi ya msingi nje siku ya manyunyu. Walitoka wakikwaruza kama msasa. Nikawaloweka, nikawasugua kwa mswaki, nikaanza upya.

Askari hawa ni wa mchezo wa vita wa mezani uitwao Warhammer 40,000. Rick Priestley aliuandika, na Games Workshop wakautoa mwaka 1987. Makao yao yako hapa hapa Nottingham, Uingereza, ninakoishi, mtaa wa Lenton, na nikiwa na siku ya mapumziko huenda kutazama vita vyao vilivyopangwa ndani ya makabati ya vioo. Wengi huanza na Space Marines, majitu yaliyovaa deraya. Mimi nilichagua Imperial Guard, binadamu wa kawaida wenye bunduki ya kawaida. Kwa toleo la 10, lililotoka 2023, askari wangu akifyatua anahitaji dadu ioneshe 4 au zaidi ili apate shabaha, kisha 5 au zaidi ili ajeruhi, halafu deraya ya yule jitu inazuia mara mbili kati ya tatu. Piga hesabu: kwa wastani ni risasi 18 kumtoa jeraha moja, naye hafi mpaka apate mawili. Ndiyo maana wangu huondolewa mezani kwa mafungu.

Zamani niliwaondoa bila kuwatazama. Kilichobadilisha ni riwaya.

Black Library ndiyo tawi linalochapa hadithi za ulimwengu huu, na mwaka 1999 ilitoa kitabu cha Dan Abnett kiitwacho First and Only. Watu wa sayari ya Tanith wanaundiwa jeshi lao la kwanza, na wakati huohuo adui anaiangamiza sayari yao. Kamishna Gaunt, kamanda wao, anaamua kuwaondoa wale anaoweza kuwaondoa badala ya kuwaacha wafe wakiipigania. Wapo wasiomsamehe kwa hilo, wala mimi siwalaumu. Miongoni mwa walionusurika yumo kijana mmoja, Milo, mpiga zumari. Nilipofika kwenye zumari nilikiweka kitabu chini. Kwetu Tanga nimekua nikiisikia harusini, unaijua nyumba yenye shughuli kabla hujaiona. Mimi kwetu kupo, jioni hii tu nimeongea na mama. Milo anapiga nyimbo za mahali ambapo hakuna tena mtu wa kuzisikia.

Siku moja mwanangu, ana miaka sita, alinikuta mezani.

"Baba, huyu anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu, na jambo hilo lilinisumbua hadi usiku. Kesho yake nikanunua kalamu ya ncha nyembamba, nikawageuza mmoja mmoja na kuwaandika chini ya vitako: Shomari, Bakari, Mbwana, Kombo, Sefu. Majina ya kwetu, yanayotosha kwenye kiduara kidogo.

Jana tulicheza. Shomari alibaki peke yake kwenye alama ya katikati ya meza, duru mbili nzima, na kwa kuwa alibaki nikazipata pointi za alama hiyo. Duru ya tatu dadu zilimkataa. Nilimchukua kwa vidole viwili, nikamgeuza, nikalisoma jina kabla ya kumlaza kwenye sanduku lenye sponji. Niliyekuwa nacheza naye aliona, akangoja. Hakugusa dadu mpaka nilipofunga kifuniko.

Huyu wa dirishani bado hana jina. Mwanangu amesema nisiandike kitu, atampa yeye asubuhi.