Marumaru nilizotuma mimi ndo zilizomwangusha mama

Nimeshuka Tanga Ijumaa iliyopita baada ya miaka 13, na kilichonishtua sio barabara wala majumba mapya, ni mkono wa mama. Nimefika mlangoni, shikamoo mama, nikauchukua mkono wake wa kulia niubusu kama tulivyolelewa, nikaona umepinda. Pale kwenye kifundo mfupa umepanda halafu umeshuka. Mama nini hiki? Akaurudisha ndani ya kanga, "Ah, niliteleza kidogo, zamani hiyo." Zamani yenyewe mwaka jana mwezi wa nane! Na mwezi wa nane mimi nimeongea naye kwa video kila Jumapili, namuona anacheka, mzima alhamdulillah mwanangu, chapa kazi. Simu inaonyesha uso tu ndugu zangu. Mkono alikuwa anauficha chini ya kanga, na mimi nilikuwa naangalia uso naridhika.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki, mimi kazi yangu Leicester, Uingereza, ni kulea wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawagawia dawa kwa saa, naandika kila kitu. Mzee wa watu akiteleza tu hata kama hajaumia kuna fomu ya kujaza, kaanguka saa ngapi, wapi, alikuwa amevaa nini miguuni, taa ilikuwa inawaka au haiwaki. Miaka yote hiyo najaza fomu za mama za watu, na mama yangu kaanguka mara tatu hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia. Kaka anasema mama mwenyewe aliwakataza, nisije nikaacha kazi.

Kaangukia wapi? Chooni. Na hapa nitakaa kidogo manake usingizi sipati.

Mnakumbuka vyoo vyetu vya uani vya Ngamiani, sakafu ya saruji imechubuka chubuka, ndoo na kopo pembeni. Mwaka 2019 nilituma hela choo kipigwe marumaru. Nyeupe, zinang'aa mpaka unajiona. Walinitumia picha nikaiweka status, watu wakanipongeza, na mimi nikajiona nimemfanyia mama jambo kubwa. Ile saruji mbaya ilikuwa inashika mguu. Marumaru ile ikiingia maji na povu la sabuni haishiki kitu, juzi nimeingia na miguu yangu mizima ya miaka 41 nikashika ukuta. Mama ana miaka 74, kandambili zake zimelika chini zimekuwa laini kama karatasi, na hapo kwa kushika hakuna, fundi aling'oa hata ule msumari mkubwa wa zamani uliokuwa unatundikiwa taulo, ambao kumbe ndo mama alikuwa anajivutia akichuchumaa. Kwa hiyo mimi ndo niliyelipia. Kila mtu ananiambia usiseme hivyo, lakini hela ilitoka kwangu na wazo lilikuwa langu.

Halafu nikauliza, ulikuwa unafanya nini chooni saa nane usiku? Akasema siku hizi mkojo unamwamsha. Nikaomba mfuko wa dawa. Nikaumwaga wote kitandani (na wewe ukirudi kwenu fanya hivyo hivyo siku ya kwanza, usiulize tu "unatumia dawa gani", mwaga mfuko). Nikakuta kidonge cha kukojosha, ile Lasix, anameza baada ya chakula cha usiku kwa sababu ndo saa anayokumbuka dawa zote. Kidonge hicho kwa kawaida humezwa asubuhi, kinakutoa maji mwilini masaa yanayofuata, ukimeza usiku utaamka tu. Nikakuta dawa moja ya presha kwenye maboksi mawili, majina ya biashara tofauti, ndani ni amlodipine ile ile, anameza zote mbili. Na diklofenaki ya maumivu ya magoti, ananunua mwenyewe duka la dawa, kila siku, miezi. Diklofenaki inaweza kupandisha presha, kuumiza figo, kutoboa tumbo, na kwa mzee anayemeza na kidonge cha mkojo na dawa za presha ni hatari zaidi. Sijamkatisha dawa hata moja kwa akili yangu, nimebeba mfuko mzima nikaenda naye kwa daktari, yeye ndo kapanga upya. Nanyi msikatishe, mbebe mfuko muende.

Juu ya hapo mama kajipunguzia maji. Anaogopa choo kwa hiyo hanywi, glasi moja ya chai asubuhi na nyingine magharibi, na joto hili la Tanga! Mzee kiu haimjii kama sisi, mpaka aseme ana kiu mwili umeshakauka, ndo kizunguzungu akisimama, ndo anaanguka. Mnaona inavyozunguka? Anaogopa kuanguka, hanywi maji, anaanguka kwa sababu hajanywa maji. Sasa hivi nampa kikombe mimi mwenyewe, vingi mchana, vichache baada ya magharibi, na akiamka usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda miguu chini ahesabu pumzi kumi ndo asimame. Taa ya uani inawaka usiku kucha, bili nitalipa.

Ng'onda tumegombana. Bada, ule ugali wetu wa muhogo, bila ng'onda halishuki, anasema, na mimi najua. Lakini chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na samaki yule amekaushwa na chumvi. Tumekubaliana aloekwe, maji yamwagwe, na iwe mara moja moja. Hajafurahi.

Jambo lingine, jirani zangu nawapenda lakini siku aliyoanguka walimnyanyua kwa makwapa mbio mbio, wakamkanda na mafuta ya nazi, basi. Mzee akianguka usimnyanyue haraka. Muache pale pale, muulize panapouma, mwangalie miguu, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake na umegeukia nje hiyo huenda ni nyonga imevunjika, usimsogeze, tafuta gari la kumbeba amelala. Na mkono ukivimba na kupinda ni picha ya X-ray kwanza, sio kukanda. Huu wa mama umeunga vibaya, daktari kasema sasa hivi ni mazoezi tu, kukamua nguo hataweza tena. Mkono ule ule uliotulea kwa kukaanga maandazi.

Kama uko nje na unasoma hii, leo ukipiga video mwambie mtu ashike simu, mama asimame, atembee mpaka chooni na arudi, uone. Usimuulize kama mzima. Atasema mzima.

Fundi yupo uani sasa hivi navyoandika, anavunja. Nimemwambia saruji, aipige ufagio kabla haijakauka ibaki na mistari, na bomba la chuma pande zote mbili la kushikia lizame ukutani, nitaliningʼinia mwenyewe kulijaribu kabla sijamlipa. Mama amekaa kwenye kiti anaangalia. Anasema mbona hazijachakaa hizi, kitu cha mwanangu. Ameomba zibaki mbili za kuwekea sufuria, nimemwachia nne.