Mkojo rangi ya chai ya mkandaa

Wiki kama 3 baada ya vidonda vya mguuni kutokea, mwanangu aliamka uso umevimba, macho hayafunguki vizuri. Mkojo rangi ya chai ya mkandaa. Bibi yake akasema ni jua la Raskazone, juzi alishinda baharini. Moyo wangu ulikataa, nikapanda bajaji hadi hospitali.

Daktari alinieleza taratibu: kinga ya mwili ilipopigana na bakteria wa vile vidonda, mabaki ya vita yakanasa kwenye vichujio vya figo (kila figo ina takriban milioni 1, vidogo mno), vikavimba, vikavujisha damu. Bakteria wenyewe si lazima wafike huko! Hilo halinitoki kichwani.

Presha ilipanda, chumvi tukapunguza. Leo uvimbe umeshuka. Mkojo bado tunaupima.