Mlango wa Ami

Kwa muda wa wiki tano nimekuwa nikitoka kazini Langoni na kurudi nyumbani Mkomani, mitaa miwili ya mji wa Lamu, kwa njia ya pwani, ingawa njia ya kati ndiyo fupi. Nimekuwa nikijiambia kwamba napenda hewa ya bahari. Ukweli ni kwamba nimekuwa nikiukwepa mlango mmoja vichochoroni, mlango wa ami yangu.

Ami amepooza upande wa kulia. Mkewe alifariki mwaka jana nami nikiwa Mombasa. Nilikosa mazishi, nikakosa na hitima, kwa sababu ambazo wakati ule niliziona nzito na ambazo leo siwezi kuzitamka bila kuona haya. Aibu ina tabia ya deni la dukani: kila siku unayompita mwenye duka bila kumwamkia, deni lilelile huonekana limeongezeka.

Nilikuwa nimesoma habari za Steven C. Hayes, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1978 alishikwa na hofu kuu katika mkutano wa idara yake ya chuo kikuu, akafungua kinywa na sauti isitoke. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake walianza kujenga tiba isiyomtaka mtu aishinde hofu kwanza ndipo aendelee kuishi. Humtaka aipe hofu nafasi, alitambue wazo kuwa ni wazo tu, kisha achague tendo kwa kulipima na lile analolithamini. Nakiri kwamba mwanzoni niliyaona haya kuwa mambo ya watu wenye muda mwingi wa kujichunguza. Lakini wanasema pia kwamba thamani si bandari ya kufikia, bali ni uelekeo, na hapo nikaelewa, kwa kuwa nimekulia chomboni. Nahodha aliyekutwa na upepo wa mbisho haugombezi wala hangoji ubadilike. Hupiga bisho, mara upande huu mara ule, na dira ikabaki ileile.

Jana alasiri nilisimama Mkunguni, mbele ya ngome. Wazo likaja kama kawaida: "Watakusema." Nikalirudia polepole kwa namna nyingine: "Ninalo wazo kwamba watanisema." Halikuondoka. (Anayeahidi kwamba huondoka, nadhani hana jamaa Lamu.) Hata hivyo lilisogea kidogo, kama mtu aliyekuwa akininong'oneza sikioni kisha akaenda kuketi barazani, nami nikapata nafasi ya kujiuliza nataka kuwa mtoto wa ndugu wa namna gani kwa mzee aliyenifundisha kufunga tanga. Moyo ulikuwa ukinienda mbio. Nikaingia kichochoroni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hitima uliikosa."

"Niliikosa, ami. Niwie radhi."

Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza. Alininyoshea mkono wa kushoto, kucha zikiwa zimerefuka na kuvunjika ncha, kwa sababu mkono wa kulia hauwezi tena kushika mkasi. Nikakata ukucha mmoja baada ya mwingine, vipande nikivikusanya kwenye karatasi ya gazeti, na aibu ikiwa bado imenikaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Nilipomaliza aliuvuta mkono, akaukagua kwenye mwanga wa dirisha, akasema kidole gumba nimekiacha na pembe, na kwamba Ijumaa nije mapema, kabla ya sala, nimkate na za miguu.