Nani anapika Jumamosi?

Wageni walifika saa kumi na mbili unusu jioni, watu 32, kwa basi lililotoka Bujumbura na kupitia mpaka wa Manyovu, na jikoni kwetu hapakuwa hata na sufuria ya chai. Aliyesababisha ni mimi, kwa neno moja la herufi nne: hôte.

Mwaka huo nilikuwa katibu wa kwaya yetu hapa Kigoma, na kwa kuwa nilisoma Kifaransa chuoni, kila barua ya ng'ambo ya mpaka iliishia mezani kwangu. Waha na Warundi tukipigiana simu, kila mtu akisema cha kwao, tunaelewana vizuri tu. Lakini barua rasmi lazima iwe ya Kifaransa, kana kwamba muhuri haushiki kwenye lugha nyingine.

Barua ya kwaya ya Bujumbura ilianza kwa adabu: wana furaha kuwa "vos hôtes". Kamusi niliyokuwa nayo ni ya Kifaransa kwa Kiingereza. Nikafungua, nikakuta "host" na "guest" chini ya neno hilohilo, moja baada ya jingine. Mwenyeji na mgeni! Sikuhangaika, wanaokuja ni wao, basi ni wageni. Mistari saba chini nikakutana nalo tena: "Les hôtes prendront en charge le repas du samedi soir." Yaani hôtes watagharamia chakula cha Jumamosi jioni. Neno nilishalichagulia maana, nikaendelea nayo. Kamati ikasifu ustaarabu wa Warundi, ikafuta migebuka, samaki wa ziwa letu la Tanganyika, kwenye bajeti.

"Katibu," mama mwenyekiti aliniita pembeni jioni ile, "mbona wamekaa tu? Vyakula vyao viko kwenye basi?" Nikaitoa barua mfukoni, nikaisoma nimesimama, jasho likanitoka. Bodaboda ikatumwa sokoni Mwanga kutafuta dagaa, majirani wakaazimwa masufuria, na ugali ukapakuliwa saa nne usiku. Wale wageni walicheka, wakaimba wakati wa kusubiri. Mama mwenyekiti hakucheka.

Baadaye nililichimba neno lile kwa hasira. Kumbe ukoo wake wote uko hivyo. Kilatini kilikuwa na hospes, anayepokea na anayepokelewa kwa pamoja. Kifaransa cha kale kikasema hoste, Kiingereza kikalichukua kikapata "host" na kumwachia mgeni neno lake, "guest". Wafaransa wakaacha kuitamka ile s, na kamusi ya 1740 ya Académie, chombo kinachosimamia lugha ya Kifaransa, ikaiandikia kofia juu ya o badala yake. Maana mbili zikabaki palepale. Ndiyo maana "table d'hôte" ni meza ya mwenyeji, ila "chambre d'hôtes" ni chumba cha wageni. Albert Camus aliita hadithi yake fupi ya 1957 "L'Hôte", kuhusu mwalimu Mfaransa wa Algeria anayeletewa mfungwa Mwarabu alale kwake. Kwa Kifaransa huwezi kuapa ni yupi kati yao. Tafsiri ya Kiingereza ikalazimika kuchagua, ikaitwa "The Guest", na mwalimu akatolewa mlangoni.

Tusiwacheke sana, lakini. Sisi tuna kuazima: nimemwazima jirani sufuria, au nimeazima sufuria kwa jirani? Na mgeni wetu ni yule anayekaribishwa na ni yule asiyejulikana pia.

Siku hizi nikikutana na hôte sikimbilii kamusi. Natazama kitenzi: nani anapokea, nani anafika, nani analipa. Natazama pia jinsia, maana hôtesse ni mwenyeji mwanamke peke yake. Mwanamke akiwa mgeni anabaki "une hôte". Ile kwaya ya Bujumbura ilikuwa ya mchanganyiko, kwa hiyo msaada huo sikuupata. Na nikijibu mimi, wageni nawaita "invités", neno lisilo na sura mbili, na wenyeji nawaandika "ceux qui reçoivent", wale wanaopokea. Ni refu, halina uzuri wowote, lakini halijawahi kumlaza mtu njaa.

Safari iliyofuata tulialikwa sisi. Barua ikaja, muhuri wake mzuri, na hôtes wamo mara tatu. Nilijua maana ya mbili. Ya tatu ilikuwa kwenye mstari wa chakula. Nikampigia simu katibu wao, mzee wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, anayeongea Kiswahili kuliko mimi.

"Mzee wangu, shikamoo. Jumamosi nani anapika?"

"Marahaba. Sisi," akasema, akaanza kucheka. "Lakini mje na dagaa."