Ufunguo wa 2021

Leo nimezima ufunguo nilioutengeneza kwa mikono yangu, si wa chuma, ni zile herufi za siri ambazo programu hutumia kuingia kwenye akaunti. Naandika usiku huuhuu, aibu ikiwa bado ya moto.

Ofisini tuna akaunti 14 za AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta na hifadhi mtandaoni. Tulianza na moja, kisha kila mradi ukaja na yake, kila akaunti na watumiaji wake. Mtu akiacha kazi, tulimfuta kwenye zile tulizozikumbuka. Mwaka huu tumezikusanya chini ya AWS Organizations, inayosimamia akaunti nyingi kwa pamoja, na watu wanapita mlango mmoja, IAM Identity Center, wanapewa ruhusa ya saa chache tu. Hapo hapakunisumbua.

Kilichonisumbua ni funguo za zamani. Ripoti ya watumiaji ilinionyesha ufunguo mmoja wa 2021, wenye ruhusa zote, na umetumika jana usiku. Nikawaka. Nikauliza kwenye kundi la kazini, kwa herufi kubwa, huu ni wa nani. Kimya. Kisha kijana mmoja akaniandikia pembeni, kwa adabu zake: "Kaka, ni ile skripti ya bakapu. Jina lako liko mstari wa kwanza."

Ni kweli. Niliiandika jioni moja, nikaipa ruhusa zote kwa kuwa kutafuta zile mbili tatu ilizohitaji kungenikosesha daladala. Tena bakapu zenyewe zilikaa akaunti ileile. Code Spaces, kampuni iliyowahifadhia wateja misimbo ya programu zao, walimalizika hivyo Juni 2014: mvamizi aliingia kwenye dashibodi yao ya AWS, akafuta mashine na sehemu kubwa ya bakapu, kampuni ikafunga. Mfano huo nimewahi kuwatolea wakubwa mimi mwenyewe, tena na slaidi.

Basi bakapu zimehamia akaunti yao peke yake, na sera iliyowekwa juu, kule kwenye Organizations, inamzuia yeyote mle asizifute, hata mtumiaji mkuu wa akaunti hiyo. Ufunguo nimeuzima tu, sijaufuta, nisubiri nione nani atalalamika.

Imebaki akaunti ya usimamizi, ile inayozisimamia nyingine zote, ambayo sera hizo haziigusi kabisa. Humo hatuendeshi chochote, na kile kidude cha kuthibitishia anayeingia kimelala kwenye sefu ya uhasibu. Dada wa uhasibu ameshaniuliza mara mbili hiyo flashi ni ya nani, na lini nitaitoa katikati ya hundi zake.