Kunasa setilaiti iliyokufa kwa darubini isiyosogea

Kufuatilia taka za angani kunaonekana kazi ya wenye mota za bei ghali, zinazokimbizana na kitu angani. Kwa vilivyo chini, vinavyokwenda karibu kilomita 7.5 kwa sekunde, ni kweli. Mimi niliamua kutazama mbali zaidi, kilomita 35,786 juu ya ikweta, zilipo setilaiti nyingi za televisheni. Hapa Malindi mkanda huo unapita karibu na utosi, na wala hauhitaji mota, kwa kuwa setilaiti zake huzunguka sambamba na dunia na huonekana zimesimama.

Nilisubiri anga safi za kaskazi. Nikafunga kamera nyuma ya darubini ndogo, nikaielekeza kaskazini kidogo ya ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), nikaiacha hapo hapo. Kila picha sekunde 20. (Adui wa pwani ni umande kwenye lenzi, mashine ya kukaushia nywele inasaidia kuuondoa.) Dunia ikizunguka, nyota hutoka kama mistari, na setilaiti inayofanya kazi hutoka kama nukta. Nilichokuwa nikikitafuta, setilaiti iliyokufa, ni mstari mfupi unaokatiza ile ya nyota kuelekea kaskazini au kusini.

Mvuto wa Mwezi na Jua huinamisha obiti, yaani njia ya setilaiti kuizunguka dunia, taratibu. Setilaiti hai huchoma mafuta kujirekebisha, iliyokufa haiwezi. Mwinamo wake kutoka ikweta hupanda hadi kama digrii 15 kwa miaka 26 hivi, kisha huanza kushuka.

Mstari nilioupata ulikuwa robo ya ule wa nyota. Nyota husogea digrii 15 kwa saa, basi huu ulikwenda 3.75. Ila mimi niko juu ya uso wa dunia, karibu na setilaiti kuliko kitovu cha dunia kilivyo, kwa hiyo mwendo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ukirekebisha unabaki na 3.2 hivi, yaani mwinamo wa digrii 12. Ama imeachwa miaka kama 15, ama imepita kilele na inarudi. Nikalinganisha na orodha za obiti zinazotolewa bure: ilirushwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Inarudi.

Nilipoongeza muda wa picha, mstari ukakatikakatika kuwa madoa. Setilaiti inajipindua, na kila doa ni upande unaong'aa ukiakisi Jua kuelekea kwangu. Nafasi kati ya madoa inanipa muda kati ya mmweko mmoja na unaofuata, si lazima wa mpinduko mzima, kwa kuwa chombo kimoja kinaweza kumeta mara mbili kwa kila mpinduko. Hilo ndilo ninalolipima sasa.